Ludwig Krapf: Alimwachia Mungu yote, lakini hakuacha kutembea

MWISHONI mwa mwaka 1849, katika nchi ya Wakamba wa Kitui, wanaume wawili walizungumza juu ya mlima. Mmoja alikuwa Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyetumwa Afrika Mashariki na shirika la wamishonari wa Kianglikana la London. Wa pili alikuwa mtu wa Embu, jina lake Rumu wa Kikandi. Rumu alimweleza mgeni huyo kwamba amefika kwenye mlima huo mara nyingi, ila hakupanda juu sana kwa sababu ya baridi kali na kitu cheupe kilichokuwa kikiporomoka kwa kishindo. Krapf, aliyekulia mahali ambapo theluji huanguka kila mwaka, hakuhitaji kuelezwa zaidi.

Desemba 3 mwaka huo mawingu yalifunguka, naye akauona mlima kwa macho yake akiwa Kitui: pembe mbili zilizovikwa weupe. Jina alilolisikia kwa Wakamba aliliandika kwa namna yake, na kutokana na maandishi hayo likapatikana jina ambalo nchi yetu inaitwa hadi leo. Wasomi wa jiografia jijini London, akiwemo William Desborough Cooley ambaye hakuwahi kufika sehemu hizi, waliidharau habari ya theluji kwenye ikweta. Ilipita miaka 34 kabla Joseph Thomson hajauona mlima huo mwaka 1883 na kuthibitisha kwamba mtu wa Embu na mgeni wake walikuwa wamesema kweli.

Watoto wetu shuleni humjua Krapf kwa mlima huo, na kwa sarufi na kamusi yake ya Kiswahili. Ni haki yake kukumbukwa hivyo. Lakini anayeyasoma maisha yake kwa utulivu atagundua kwamba jambo lililomshughulisha mtu huyu usiku na mchana lilikuwa jingine. Aliamini kwamba hakuna homa, dhoruba wala mshale unaompata mwanadamu nje ya mapenzi ya Mungu. Wakati huo huo alikuwa mtu wa kukata shauri. Alikata shauri la kusafiri, la kuoa, la kuvuka nyika, la kurudi alikofukuzwa. Na shauri lilipozaa msiba, nani aulizwe? Mungu aliyeruhusu, au Krapf aliyeamua? Swali hilo Wakristo wamelijadili tangu enzi za Augustino. Krapf hakulijadili sana. Aliliishi, na wengine walilipa gharama pamoja naye.

Alizaliwa Januari 11, 1810 katika kijiji cha Derendingen, karibu na mji wa Tübingen, kusini mwa Ujerumani. Wazazi wake walikuwa wakulima, Walutheri wa kundi la wacha Mungu waliotilia mkazo toba ya moyoni kuliko taratibu za ibada. Alipokuwa na umri wa miaka kama 11 hivi, jirani alimpiga vibaya kwa kosa ambalo hakulitenda. Kipigo hicho kilimlaza kitandani kwa takriban nusu mwaka. Katika kuugua huko alisoma Biblia na kuanza kuufikiria umilele, na alipokuwa mtu mzima aliona kwamba Mungu ndiye aliyemlaza kitandani ili amwamshe roho. Jirani yule, ambaye alimpiga mtoto asiye na hatia kwa hiari yake mwenyewe, hana nafasi kubwa katika simulizi hiyo. Msomaji alishike jambo hili, kwa maana litajirudia.

Akiwa kijana aliingia katika chuo cha wamishonari cha Basel, nchini Uswisi, kisha akaondoka akiwa na shaka kama kweli ameitwa. Alisomea theolojia Tübingen, akawa kasisi msaidizi kijijini, na huenda angeishia huko kama asingekutana na mmishonari Mswidi, Peter Fjellstedt, aliyemrudisha kwenye shauri lake la kwanza. Mwaka 1837 alikwenda Ethiopia. Huko alifukuzwa Adwa, akakaa miaka kadhaa katika ufalme wa Shoa, akafungiwa njia ya kurejea. Mwaka 1842 alimwoa Rosine Dietrich mjini Alexandria, Misri. Mwaka uliofuata wakiwa safarini kuelekea Ethiopia kwa mara nyingine, Rosine alijifungua kabla ya wakati nyikani. Mtoto hakuishi. Wakampa jina la Kiamhara lenye maana ya chozi.

Mlango wa Ethiopia ulipofungwa, Krapf aliona kwamba Mungu anamwelekeza kusini. Januari 1844 aliwasili Unguja, ambako Sultani Seyyid Said alimpokea kwa heshima na kumpa barua ya kumtambulisha kwa maliwali wake wa pwani. Mei alihamia Mombasa pamoja na mkewe, ambaye alikuwa mjamzito tena. Homa iliwakuta wote wawili mwezi Julai. Rosine alijifungua mtoto wa kike, na Julai 13 akafariki. Mtoto naye akamfuata baada ya muda mfupi. Krapf mwenyewe alikuwa amelala hoi kwa homa hiyo hiyo, hata kuinuka kumtazama marehemu aliweza kwa shida kubwa tu. Walizikwa bara, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, na kaburi la Rosine lingalipo upande wa Nyali.

Barua aliyowaandikia wakuu wake baada ya msiba huo imenukuliwa mara nyingi makanisani. Aliwaambia kwamba kaburi hilo ni dalili kuwa vita vya kulishinda bara hili kwa Injili vimeanza, na kwamba sasa wakati umewadia wa kuleta watu zaidi. Wako wanaoisoma barua hiyo na kububujikwa na machozi kwa imani iliyomo. Wako pia wanaoisoma na kushtuka. Mimi nakiri kwamba niko katika makundi yote mawili. Mtu aliyepoteza watoto wawili na mke katika muda wa miaka miwili alihitaji kuamini kwamba vifo vyao vina maana, la sivyo angepoteza akili. Hata hivyo, hakuna malaika aliyempakia Rosine mashuani. Mumewe ndiye aliyeamua, na Rosine alikubali. Anayesema kwamba Mungu alipanga yote hawezi kulifuta shauri lile lililokatwa Unguja na watu wawili waliokwisha kumzika mtoto mmoja safarini.

Jambo moja ni la kushangaza. Krapf alianza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili mwezi Juni 1844, wiki chache kabla ya msiba, na hakuacha. Lugha aliyokuwa akijifunza, akisaidiwa miongoni mwa wengine na kadhi wa Mombasa, ilikuwa imekwisha kulitafakari swali lake kwa karne nyingi. Waswahili walikuwa na neno kudra, uwezo wa Mwenyezi usiopingika. Walikuwa na majaliwa, yaani yale mtu aliyojaliwa. Walikuwa na hiari, nafasi ya mtu kuchagua. Na walikuwa na ajali, ambayo asili yake ni siku iliyowekwa ya mtu kufa. Leo magazeti yetu huliandika neno hilo kila siku kuhusu matatu yaliyopinduka kwa sababu dereva alikuwa akienda mbio, na hakuna anayetambua kwamba ndani ya neno moja tumeziweka hukumu ya Mungu na uzembe wa mwanadamu bega kwa bega. Sarufi ya Krapf ilichapishwa mwaka 1850. Kamusi yake kubwa ilitoka mwaka 1882, baada ya yeye mwenyewe kufariki.

Johannes Rebmann alijiunga naye mwaka 1846, nao wakajenga kituo Rabai. Watu waliomiminika kanisani hawakuwepo. Mmoja wa wale wachache waliosikiliza alikuwa Mringe, mlemavu aliyebatizwa akiwa karibu kufa. Wamishonari wawili wengine waliwasili mwaka 1849. Mmoja wao, Wagner, alikufa kwa homa kabla ya kuanza kazi. Katika hali hiyo Krapf alikuwa akichora kwenye karatasi mlolongo wa vituo vya misheni kutoka Mombasa hadi pwani ya Atlantiki. Rebmann alikuwa mtu wa tabia nyingine. Aliona afadhali mtu akae mahali pamoja, ajifunze lugha, angoje. Kwa Krapf, kungoja kulikuwa karibu sawa na kukosa imani. Wote wawili walimtegemea Mungu yule yule, na mmoja akahitimisha kwamba kwa hiyo asubiri, mwingine kwamba kwa hiyo atembee.

Safari iliyompa Krapf jaribu lake kubwa ilikuwa ya mwaka 1851. Alikuwa ametoka Ulaya, alikokwenda mwaka uliotangulia, na kurudi na wenzake wapya. Mmoja wao, Pfefferle, alifariki muda mfupi baada ya kufika. Mwingine, Diehlmann, alikata tamaa na kujiondoa. Krapf hakuahirisha. Mwezi Julai aliondoka Rabai na wapagazi kwenda kuanzisha kituo Yatta, katika nchi ya Wakamba. Mambo hayakwenda alivyotaka, akaendelea hadi kwa rafiki yake Kivoi, mfanyabiashara mashuhuri wa pembe za ndovu aliyekuwa amempokea mwaka 1849. Kivoi alikuwa na safari yake kuelekea mto Tana. Ng'ambo ya mto huo ndiko kwa Wambeere na Waembu, watu wa akina Rumu wa Kikandi, na nyuma yao ni miteremko ya mlima na nchi ya Wameru. Krapf akafuatana naye.

Hawakuvuka. Mwendo mfupi kabla ya kufika mtoni msafara ulishambuliwa na wanyang'anyi. Kivoi aliuawa pamoja na baadhi ya watu wake, waliobaki wakatawanyika. Krapf alijikuta peke yake nyikani, bila chakula wala maji. Alijikokota hadi Tana, akanywa, kisha akakabiliwa na shida ya mtu asiye na kibuyu. Alijaza maji katika mfuko wa ngozi wa darubini yake na katika mitutu ya bunduki, akaiziba kwa nyasi. Maji hayo hayakudumu. Alikuwa karibu kuanguka kwa kiu aliposikia kelele za nyani bondeni, akajua kwamba walipo nyani mahali pa chini hapakosi maji. Alishuka, akakuta shimo walilolichimba wanyama hao mchangani, na chini yake maji.

Krapf alimshukuru Mungu kwa nyani wale maisha yake yote. Nani atamlaumu? Lakini tazama jinsi alivyookoka. Alisikia sauti, akafikiri, akaunganisha alichokijua kuhusu nyani na alichokihitaji, akashuka bondeni kwa miguu yake iliyochoka. Mtu aliyeamini kwamba uhai wake uko mikononi mwa Mungu hakukaa chini ya mti akingoja muujiza. Hapa ndipo maisha yake yanapofafanua kile ambacho vitabu vingi vya theolojia hukifanya kigumu. Kumwamini Mungu mwenye enzi kulimfanya atumie akili yake kwa bidii zaidi, kwa kuwa hata akili hiyo aliihesabu kuwa miongoni mwa vitu alivyopewa na Mungu.

Kisha ikaja sehemu chungu. Aliporudi kwa jamaa za Kivoi, hawakumpokea kama mtu aliyeponyoka kifo. Walimuuliza kwa nini yeye yu hai na mwenyeji wake amekufa. Kwa desturi yao, mgeni aliyefuatana na mkubwa huyo alipaswa kumlinda au kufa naye. Uhai wake wenyewe ulikuwa ushahidi dhidi yake, na wapo waliotaka auawe. Krapf alitoroka usiku, akahangaika sana njiani, na mwishowe akafika Rabai, ambako habari za kifo chake zilikuwa zimekwisha kumtangulia.

Katika vitabu vya wamishonari wa zamani, jamaa za Kivoi huonyeshwa kama watu waliofungwa na ushirikina. Sidhani kama ni haki. Walikuwa wakiuliza swali la mantiki kabisa: kifo kimetokea, nani anahusika? Wao, kama Krapf, walikataa kwamba jambo kubwa namna hiyo linaweza kutokea hivi hivi tu. Tofauti ni kwamba wao walimtafuta mwanadamu wa kubeba lawama, na yeye akaupeleka msiba wote juu mbinguni. Kati ya majibu hayo mawili ulibaki ukweli mdogo ambao hakuna aliyeushughulikia sana: wanyang'anyi walichagua kuua, Kivoi alichagua njia ile kwa ajili ya biashara yake, na mgeni alichagua kufuatana naye kwa ajili ya Injili.

Mwaka 1852 Krapf alimtembelea Kimweri, mtawala wa Usambara, kisha afya yake ikamlazimisha kuondoka mwaka 1853. Mlolongo wa vituo vya misheni ulibaki kwenye karatasi. Kituo cha Yatta hakikusimama. Tana hakuivuka hata siku moja. Kwa hesabu ya mtu wa kawaida, aliyeshindwa ni huyu.

Wakati Krapf akiwa kwao Ujerumani, kitabu cha safari zake kilichochapishwa kwa Kiingereza mwaka 1860 kilisomwa na Wamethodisti wa Uingereza, nao wakamwomba awasaidie kuanzisha kazi Afrika Mashariki. Alikubali kuwasindikiza. Mapema mwaka 1862 alirejea pwani akiwa na Waingereza wawili, Thomas Wakefield na James Woolner, na vijana wawili kutoka Uswisi. Kabla mwaka haujaisha Woolner alikuwa mgonjwa na amerudi kwao, na wale wa Uswisi pia. Krapf mwenyewe aliugua na kuondoka. Kituo cha Ribe, kaskazini ya Rabai, kilibaki kwa Wakefield peke yake hadi Charles New alipofika mwaka 1863. Wakefield alikaa Afrika Mashariki hadi mwaka 1887 na kumzika mkewe Rebecca hapo Ribe.

Ya miaka ya mwisho ya Krapf hayahitaji maneno mengi. Mwaka 1867 alifuatana na jeshi la Uingereza lililokwenda kupigana na Mfalme Tewodros wa Ethiopia, akiwa mkalimani, akaugua na kurudi. Rebmann, ambaye alikaa Afrika Mashariki miaka 29 bila kwenda kwao, alirejea Ujerumani mwaka 1875 akiwa kipofu, na akaishi karibu na mwenzake wa zamani katika mji wa Korntal mpaka alipofariki mwaka uliofuata. Jamaa hao wawili waliotofautiana kuhusu kungoja na kutembea walimaliza safari mahali pamoja. Krapf alifariki Novemba 26, 1881. Alikutwa amepiga magoti kando ya kitanda chake.

Injili ilifika Embu na Meru bila yeye, na kwa njia ambayo hakuiota. Iliyotangulia ni serikali ya kikoloni. Embu ilishambuliwa na kutiwa chini ya utawala wa Waingereza mwaka 1906, na Meru ikapata mkuu wa wilaya muda mfupi baadaye. Mwaka 1910 wamishonari wa shirika lile lile lililomtuma Krapf walianzisha kituo Kigari, Embu, wakiongozwa na Dkt Crawford, tabibu kutoka Canada. Mwaka 1912, miaka 50 kamili baada ya Ribe, Wamethodisti wa pwani walianza kazi Meru, upande wa Kaaga, na Kasisi Worthington akawa kiongozi wa siku zile za mwanzo. Wamishonari wa Kikatoliki wa Consolata walikuwa katika eneo hilo miaka hiyo hiyo. Mwaka 1922 Dkt Clive Irvine wa kanisa la Uskoti alifungua kituo cha Chogoria, katika nchi ya Wamwimbi, ambacho ndicho asili ya hospitali inayojulikana sana leo.

Sasa ndipo kisa kinapokuwa na utani wake. Makanisa ya Kiprotestanti yalikuwa yamekubaliana kugawana maeneo ili yasigombane. Kwa mapatano hayo, mtoto aliyezaliwa Imenti ya Kaskazini alikuwa na uwezekano mkubwa wa kuwa Methodisti, na aliyezaliwa Mwimbi au Chuka kuwa Mpresbiteri. Wa Embu alikuwa Mwanglikana. Wakatoliki hawakuwemo katika mapatano, wakajenga walipoona panafaa.

Makanisa hayo hayakuwa yamefundisha jambo moja kuhusu swali la Krapf. Wamethodisti ni wana wa John Wesley, ambaye katika karne ya 18 alishindana na rafiki yake George Whitefield juu ya jambo hilo hilo. Wesley alisisitiza kwamba neema ya Mungu imetolewa kwa watu wote na kwamba mwanadamu, akiisha kusaidiwa na neema hiyo, anaweza kuipokea au kuikataa. Wapresbiteri wa Uskoti walirithi mafundisho ya John Calvin, na ungamo lao la imani lililoandikwa Westminster katika miaka ya 1640 linasema kwamba Mungu aliyaamuru tangu milele yote yatakayotukia, wakiwemo watakaookolewa. Waanglikana wana kifungu cha 17 katika vifungu vyao 39 kinachogusa uteule wa Mungu kwa uangalifu mkubwa, na kila upande umekuwa ukikisoma upendavyo.

Kwa hiyo Mmeru wa Kaaga aliyefundishwa kwamba ana hiari ya kumchagua Mungu hakupewa hiari ya kuchagua kanisa la kufundishwa humo. Lilikuwa limekwisha kuchaguliwa na watu waliokaa mezani na ramani. Naye Mmwimbi wa Chogoria, aliyefundishwa kwamba yote yameamriwa tangu milele, mwaka 1929 aliwekwa mahali pa kuchagua waziwazi kabisa, pale misheni yake ilipowataka waumini waape kuacha tohara ya wanawake au watoke kanisani. Wengi walitoka. Hakuna fundisho la uteule lililoweza kuwachagulia. Kila mmoja alirudi nyumbani na uamuzi wake, akakutana na wazee, wake, na mabinti zake.

Ningependa kujua Krapf angesema nini juu ya siku ile. Yumkini angeona mkono wa Mungu ukipepeta ngano. Mimi naona pia wakoloni, ardhi, ukaidi wa wamishonari na ukaidi wa wazee, na wasichana ambao hakuna aliyewauliza. Kuyaona haya hakuondoi lile la kwanza. Krapf aliyesikiliza nyani bondeni angepaswa kuelewa hivyo, ingawa Krapf aliyeandika barua ya Julai 1844 pengine asingeelewa.

Mgawanyo wa maeneo ulikwisha kuvunjika zamani. Mjini Meru leo, Methodisti, Mpresbiteri na Mkatoliki hukutana katika harusi moja na kuzika pamoja, na mara nyingi ni watoto wa nyumba moja. Wamethodisti na Wapresbiteri wa Kimeru walikuja kusoma Biblia ya lugha yao wenyewe, iliyo moja kwa wote, na humo Mungu huitwa Murungu. Waembu walikuwa wakimwita Ngai na Mwene Njeru kabla mmishonari yeyote hajavuka Thuci. Murungu ni ndugu wa karibu wa neno ambalo Krapf alilikuta Mombasa mwezi Juni 1844, alipokaa na kalamu yake kutafsiri mstari wa kwanza wa kitabu cha Mwanzo, mkewe akiwa bado hai katika chumba cha pili.